Tone Moja kwa Sekunde Tatu

 

Aliyenialika alitaka nizungumzie upasuaji wa mbwa. Nikamwomba anipunguzie mzigo, nizungumzie maji tu: yale yanayoning'inia kwenye chupa juu ya meza wakati mnyama amelala nusu kaputi. Akacheka, akaniuliza kama maji yanatosha kujaza jioni nzima. Nikamjibu kwamba niliwahi kuua mbwa kwa maji hayohayo, na tangu siku hiyo sijaishiwa maneno juu yake.

Basi nianze na huyo mbwa. Alikuwa jike wa kilo 12, rangi ya jani kavu la mgomba, mwenyewe akimwita Suzi. Aliletwa kutolewa kizazi katika kliniki ambayo sitaitaja, nami nikiwa daktari kijana. Mashine ya usingizi tulikuwa nayo, kipimo cha presha tulikuwa nacho. Katikati ya kazi namba ikashuka. Presha ya juu, ambayo hatupendi ipungue 90, ikawa 70. Nikafanya nilichowaona wakubwa wakifanya: nikafungua dripu mpaka mwisho. Nusu lita ikaisha, presha ikapanda kidogo, ikarudi palepale. Nikatundika chupa ya pili. Kazi yenyewe ilikwenda vizuri, na damu iliyopotea haikujaa hata kikombe cha chai. Jioni Suzi akaanza kupumua kwa kasi huku puani pakitoka povu la majimaji. Alfajiri haikumkuta. Muda wote ule kidhibiti cha gesi ya usingizi kilikuwa kimesimama kwenye 3. Sikukigusa.

Sasa tufanye hesabu ambayo siku ile sikuifanya. Mbwa ana damu ya mililita 80 hadi 90 kwa kila kilo ya mwili wake. Suzi, basi, alikuwa na damu ya lita moja hivi. Ile chupa ya nusu lita, ambayo mtu mzima mwenye malaria akitundikiwa hakuna anayeshtuka, kwake ilikuwa sawa na nusu ya damu yake yote. Chupa mbili zilikuwa lita nzima. Mtu wa kilo 60 ana damu ya lita nne na kidogo. Ili nimtendee yeye nilichomtendea Suzi, ningelazimika kumjaza lita nne mishipani kabla sijafunga mshono wa mwisho. Hapo hata mfagizi angenizuia. Kwa mbwa hakuna aliyenizuia, kwa sababu chupa ilikuwa ileile tuliyoizoea.

Kosa langu halikuwa hesabu peke yake. Nilisoma namba ya presha kana kwamba inasema mbwa ana kiu.

Ninyi mliokulia vihambani mnaijua mifongo, ile mifereji waliyoichimba wazee wetu kutoka kwenye mito ya mlimani, ikapita ukingoni mwa mabonde hadi migombani. Mwenye zamu akiona maji hayamfikii, haanzi kwa kuomba mvua. Anapanda kuufuata mfereji. Pengine atakuta ukingo umebomoka, maji yanamwagika njiani. Pengine watu wa juu wamefungulia kila mchepuko, maji yametawanyika na hakuna penye nguvu. Pengine banio limeziba. Na pengine ni kweli, mto wenyewe umepungua. Mvua ingemsaidia huyu wa mwisho. Kwa aliyebomokewa ukingo, mvua kabla ya kuziba ni kazi bure.

Presha ya mbwa aliyelala huanguka kwa njia hizohizo nne. Ukingo uliobomoka ni mshipa unaovuja damu: unafungwa kwanza, ndipo kinachopungua kinarudishwa. Michepuko iliyofunguliwa ni mishipa iliyolegezwa na dawa. Isofluraini, gesi tunayoitumia sana kwenye mashine, hulegeza mishipa, na kadiri unavyoiongeza ndivyo inavyolegeza zaidi. Banio lililoziba ni moyo uliolemewa, unaopiga polepole au bila nguvu. Mto uliopungua ni mbwa aliyefika mezani akiwa amekaukiwa: ametapika siku mbili, ameharisha, au hajapewa maji tangu jana. Suzi alikuwa na michepuko iliyo wazi. Dawa yake ilikuwa kuteremsha gesi kutoka 3, kumwangalia dakika chache, na kupima tena. Haikuwa na gharama yoyote.

Tuseme sasa tumeteremsha gesi, tumekagua mshono, na bado presha iko chini. Je, maji yatasaidia? Hapa panataka tuujue moyo ulivyo. Watoto wetu wanajua manati. Ukivuta mpira kidogo, jiwe linakwenda karibu. Ukivuta zaidi, linakwenda mbali. Lakini kuna mahali ambapo mpira umefika mwisho wake, na kuvuta zaidi ni kuuchosha tu. Nyama ya moyo ina tabia kama hiyo. Maji yakiingia mishipani, moyo hujaa na kutanuka zaidi, na pigo linalofuata husukuma damu nyingi zaidi, hadi unapofika mahali ambapo kuujaza hakuongezi pigo. Kuanzia hapo maji huvujia nje ya mishipa: kwenye mapafu, kwenye utumbo uliotoka kushikwashikwa na daktari, chini ya ngozi. Na maji ya chumvi tunayotumia hayakai mishipani hata pale yanapohitajika. Katika saa moja sehemu kubwa yake huwa imeshahamia kwenye nyama.

Aliyetueleza tabia hii ya moyo ni Ernest Starling wa London, katika majaribio aliyoyachapisha na wenzake mwaka 1914, akiendeleza kazi ya Otto Frank wa Ujerumani. Frank alitumia mioyo ya vyura. Starling alitumia mioyo ya mbwa. Nalisema hili makusudi, maana maarifa ya dripu yalianza kwa mbwa kabla hayajafika kwa watu. Mwaka 1656 kule Oxford, Christopher Wren, ambaye baadaye alijenga kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, alichukua unyoya uliochongwa na kibofu cha mnyama, akaingiza mvinyo wenye afyuni katika mshipa wa mbwa. Rafiki yake Robert Boyle aliandika kwamba mbwa yule alilewa, akapona, akanenepa, akapata sifa mjini, kisha akaibwa. Wakati huo hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kupata faida ya dripu.

Faida ilikuja mwaka 1832, kipindupindu kilipowakausha watu wa Scotland. Daktari Thomas Latta wa mji wa Leith alimwekea maji ya chumvi mshipani mwanamke mzee ambaye wenzake walikuwa wamemkatia tamaa. Macho yaliyokuwa yamezama yakarudi, mapigo yakarudi, bibi akaanza kusema. Latta, akiwa amechoka, akamwacha mikononi mwa daktari mwingine na kuondoka. Kuharisha kukaanza tena, maji hayakuongezwa, na baada ya saa chache bibi akafa. Kwangu kisa hiki na kile cha Suzi ni ndugu. Mmoja alikufa kwa kunyimwa, mwingine kwa kumiminiwa, na wote wawili walikosa mtu wa kukaa hapo, kutazama mwili unajibu nini, na kuamua upya.

Mtaniuliza: daktari, hayo ya London na Leith tumeyasikia, huku kwetu je? Huku kwetu ndiko ulikotoka mshtuko mkubwa zaidi katika jambo hili. Kati ya 2009 na 2011 ulifanyika utafiti katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania. Ya kwetu ilikuwa Teule, pale Muheza, mkoani Tanga. Ulijulikana kwa jina la FEAST, ukiongozwa na Kathryn Maitland kutoka Kilifi. Watoto 3,141 wenye homa kali, ambao damu haikuwa ikifika vizuri viungoni, waligawanywa. Wengine walipewa maji mengi kwa haraka, kama vitabu vilivyokuwa vikielekeza. Wengine walipewa yale ya polepole ya kuwatosheleza tu. Kila mtu alitarajia wa haraka waokoke zaidi. Katika saa 48 walikufa asilimia 10.6 ya waliopewa maji yenye albumini kwa haraka, asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi kwa haraka, na asilimia 7.3 ya ambao hawakupewa kwa haraka. Utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati wake.

Watoto wale hawakuwa kwenye meza ya upasuaji, na mtoto mwenye homa si mbwa. Sitaki mtu atoke hapa akisema daktari kakataza dripu. Mbwa aliyegongwa na bodaboda pale Kiboroloni, damu imemjaa tumboni, ukimnyima maji na damu utamzika. Ninachochukua kutoka Muheza ni kwamba mwili unaweza kuonekana unaomba maji, ukapewa, ukaonekana nafuu kwa muda, na bado maji yakawa yameudhuru. Kwa hiyo maji ni dawa, na dawa hupimwa kwa kilo za mgonjwa na kwa jibu analolitoa.

Jibu hilo linasomwaje? Zamani tulifundishwa kuingiza mrija mpaka karibu na moyo, kupima presha ya damu inayorudi, na kuongeza maji namba ikiwa ndogo. Njia hiyo imepoteza heshima yake, maana namba ileile unaweza kuikuta kwa moyo unaohitaji maji na kwa moyo usioyahitaji. Hospitali kubwa siku hizi hutazama kitu kingine. Mashine ya kupumulisha inapoingiza hewa kifuani, hubana kidogo mishipa mikubwa inayorudisha damu moyoni. Mbwa ambaye mishipa yake haijajaa, mawimbi ya mapigo yake huinuka na kuinama sana kwa kila pumzi. Aliyejaa, mawimbi hubaki karibu sawa. Ukiona yanacheza sana, moyo bado uko kwenye sehemu ya manati inayojibu. Ni kipimo kizuri, lakini kina masharti: mashine ndiyo impumulishe mbwa, kifua kiwe kimefungwa, mapigo yawe na mpangilio. Mbwa anayejipumulia mwenyewe humdanganya msomaji. Na wengi wa mbwa tunaowapasua huku, kwa ketamini na zailazini, juu ya meza iliyowekwa barazani, wanajipumulia wenyewe.

Kwa hao tunayo njia ya zamani iliyosafishwa: unatoa kidogo, unapima, unaamua. Mililita 5 kwa kilo, ndani ya dakika kumi. Kwa mbwa wa kilo 12 ni mililita 60, yaani kikombe kimoja kidogo cha kahawa, kile cha wauza kahawa wa mtaani. Kivute kwa bomba la sindano ili mkono ujue umetoa kiasi gani. Chupa iliyofunguliwa haina kumbukumbu. Kabla yake andika presha, mapigo ya moyo, na muda ambao ufizi uliobonyezwa unachukua kurudisha rangi. Baada yake andika tena. Presha imepanda, mapigo yaliyokuwa ya kasi yametulia, mshipa wa paja umejaa zaidi chini ya kidole? Mwili umekubali, na unaweza kuuliza swali hilo mara ya pili ikibidi. Hakuna kilichobadilika? Acha maji, urudi kuufuata mfereji, ukiwa na dawa za kukaza mishipa au kuupa moyo nguvu.

Kwa mwendo wa kawaida, mbwa mzima anayefanyiwa kazi ya kawaida, vitabu vya zamani vilitupa mililita 10 kwa kilo kwa saa. Miongozo ya hospitali za wanyama ya Marekani ya mwaka 2013 ilishusha mwanzo huo hadi 5 kwa mbwa na 3 kwa paka. Fanyeni hesabu nami. Kilo 12 mara 5 ni mililita 60 kwa saa. Mrija wa kawaida hutoa matone 20 kwa mililita. Hayo ni matone 1,200 kwa saa, matone 20 kwa dakika, tone moja kwa kila sekunde tatu. Kazi ya saa nzima inakula kikombe kilekile cha kahawa. Nusu lita kwa mwendo huo ingemfikisha saa nane na ushee.

Sasa vijana wangu wa mifugo wasikilize mitego miwili ya zailazini, kwa sababu ndiyo dawa mtakayokutana nayo kila kijiji. Zailazini hukaza mishipa ya pembeni na kupunguza kasi ya moyo. Mbwa hodari kabisa atakuonyesha ufizi uliopauka na mapigo ya polepole, nawe utasema amepungukiwa damu, kumbe ni dawa. Tena huongeza mkojo. Utaona kibofu kimejaa, useme figo zinapata maji ya kutosha, kumbe ni dawa hiyohiyo. Dalili yoyote isomwe pamoja na jina la dawa uliyochoma.

Mbwa wetu nao wana historia zao. Kupe wa huku hawatuachi. Magonjwa wanayoyaleta hula damu na kupunguza chembe sahani zinazoigandisha, na mbwa anayeonekana wa afya anaweza kuvuja kwenye kila mshono. Minyoo ya safura humnyonya mtoto wa mbwa taratibu hadi ufizi unafanana na karatasi. Mbwa wa namna hii ukimjaza maji ya chumvi, damu kidogo aliyonayo unaizimua kama anayeongeza maji kwenye mbege ili wageni wasipungukiwe. Presha itapanda, hewa haitafika. Huyo anahitaji damu ya mbwa mwenzake, au aahirishiwe kazi atibiwe kupe na minyoo kwanza. Ndiyo maana natembea na mzani wa jikoni. Vitambaa vya gozi navipima vikavu, navipima tena vikishalowa; kila gramu iliyoongezeka ni takriban mililita moja ya damu. Kwa mbwa wa kilo 12, gramu 100 ni sehemu moja ya kumi ya damu yake. Macho huwa hayakubali. Damu iliyomwagika sakafuni huwa nyingi kwa mwenye mbwa na kidogo kwa daktari.

Na wenye mbwa mnisikie. Maji yaliyo rahisi kuliko yote yako kwenye bakuli nyumbani kwako. Tukikwambia usimpe chakula kuanzia usiku, hatukusema umnyime maji. Mbwa anafungwa kibandani tangu jioni bila tone, asubuhi anapakiwa ndani ya gunia nyuma ya pikipiki kutoka Uru au Old Moshi, anafika ulimi nje. Nusu ya dripu nitakayompa ni kulipa deni ulilomkopea wewe. Muache anywe hadi tutakapomchoma sindano ya kwanza. Mwezi wa Juni na Julai mlete na blanketi pia. Watu hunishauri nipashe moto chupa ya dripu, lakini tone moja kwa sekunde tatu hupoa ndani ya mrija kabla halijafika mguuni. Blanketi linafanya kazi zaidi.

Nimalizie Kibosho, mwaka jana, barazani kwa mzee mmoja. Jike lake lilikuwa na usaha kwenye mfuko wa uzazi, kazi isiyongoja. Msaidizi wangu aliugua asubuhi ile. Nikamwita mzee, nikamwekea saa ya mkononi juu ya stuli, nikamwonyesha kichupa matone yanapoangukia. Nikamwomba, babu, hesabu kwa sauti, kila sekunde tatu tone moja. Yakizidi niambie, yakipungua niambie. Akavuta stuli, akakaa.

Mara mbili katika kazi ile presha iliteremka. Mara ya kwanza nilikuta nimevuta sana mfuko wa uzazi; nikaulegeza, presha ikarudi. Mara ya pili mzani ulisema gramu 90 na mapigo yalikuwa yamekimbia. Nikafunga mshipa uliokuwa ukivuja, kisha nikatoa kikombe kimoja cha kahawa kwa sindano. Mapigo yakatulia chini ya kidole. Mzee aliona sindano ile, akanyamaza, akaendelea na hesabu yake.

Jioni mbwa alipoinua kichwa, nilimwambia mzee apumzike. Hakuinuka mara moja. Akaitazama chupa, akaona imebaki zaidi ya nusu, akaniuliza, "Daktari, haya yaliyobaki si umeyalipia?"

Nikamwambia nimeyalipia, babu, na ndiyo niliyojifunza kuyaacha.